Kantangaze: Anzia kwenye rundo la nyanya mbovu, bomba baadaye

Kamwene! Karibuni shambani kwangu hapa Ilula, wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Kabla sijasema mengi, mdogo wangu aliyeshika kamera asogee hapa kwenye jani la nyanya. Sogea zaidi. Nalinyanyua kuelekea jua, tazameni.

Mnaliona hilo baka jeupe? Limetanda kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na mwanga unapita katikati yake. Ndani kuna uchafu mweusi, chembechembe kama pilipili manga iliyosagwa. Sasa fuata kidole changu: hapo kuna kitu kinasogea. Kiwavi mdogo wa kijani, na nyuma ya kichwa chake kuna utepe mweusi. Huyo ndiye kantangaze, mtoto wa nondo mdogo anayeharibu nyanya; wengine mnamwita kanitangaze. Hayuko juu ya jani wala chini yake, amejificha kati ya ngozi mbili za jani na anakula nyama ya katikati. Ukipiga dawa ovyo, nyingi inaishia juu ya paa la nyumba yake.

Nilipokutana naye mara ya kwanza sikumjua. Niliona majani yanakauka, nikasema ni bakajani, ule ugonjwa wa ukungu, maana huku nyanda za juu bakajani tumeizoea tangu utoto. Wiki tatu nikapiga dawa ya ukungu. Mnunuzi alipofika barabarani akapasua nyanya moja kwa kisu mbele yangu, ndani imechimbwa mifereji. Akayaacha matenga yote pale pale. Sipendi mwenzangu apitie siku kama ile, ndiyo maana narekodi.

Basi tujifunze kumtambua kwanza. Jani lenye bakajani lina baka la kahawia au jeusi, na asubuhi yenye unyevu utaona ukungu mweupe upande wa chini. Halina kiwavi wala uchafu wa kiwavi. Kuna pia yule inzi mdogo anayechora majani: yeye huacha mstari mwembamba unaopindapinda kama nyoka, wakati kantangaze huacha baka pana. Kwenye tunda, funza mkubwa wa vitumba hutoboa shimo ambalo kalamu inaingia. Tundu la kantangaze ni dogo kama la pini, na mara nyingi liko karibu na kikonyo, chini ya vile vijani vinavyoshika tunda. Vinyanyue vijani hivyo ukikagua. Wengi hawavinyanyui.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wataalamu walimwelezea kwa mara ya kwanza kutoka Peru mwaka 1917, akavuka bahari akaonekana Hispania mwaka 2006, kisha akateremka Afrika. Hapa Tanzania alithibitishwa mwaka 2014, kule kaskazini upande wa Arusha, na haikuchukua muda akafika kwetu. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Kwenye joto la nyuzi 27 hivi, yai linageuka nondo mzima ndani ya siku kama 24. Kwenye baridi ya nyuzi 14 anachukua karibu miezi miwili na nusu. Kwa hiyo ndugu zangu wa Uyole na Njombe, baridi ya Juni na Julai inamchelewesha tu, haimmalizi.

Sasa kazi. Twendeni pembeni ya shamba.

Hili hapa ni rundo la nyanya zilizokataliwa. Shamba gani la nyanya halina rundo kama hili? Tunachambua, nzuri zinaingia kwenye tenga, mbovu tunazitupa hapa na kuendelea na mambo yetu. Napasua moja. Tazama: kiwavi, mwingine, na huyu wa tatu ameanza kuwa na rangi ya waridi, maana yake amekomaa. Huyu atatoka usiku, ataingia kwenye udongo au atajikunja humu humu, awe pupa, kile kifuko kidogo cha kahawia. Siku chache baadaye ni nondo, na miche yako iko hatua ishirini tu kutoka hapa. Rundo hili ndilo kitalu cha kantangaze. Unaweza kununua dawa ya bei gani, kama kitalu chake unakitunza mwenyewe?

Fanya hivi. Chukua mfuko mzito wa plastiki, mweusi ni bora. Usiwe na tundu hata moja. Jaza nyanya mbovu, majani yenye mabaka na machipukizi uliyopogoa. Funga mdomo kwa kamba, kunja, funga tena. Uweke juani, mahali pasipo na kivuli. Mimi nauacha wiki tatu, wakati wa baridi nauacha zaidi, hadi vyote viwe uji. Kama huna mfuko, chimba shimo, tupia humo, na juu yake ushindilie udongo usiopungua nusu mita. Udongo wa kufunika funika nondo anautoboa.

Fanya hivyo kila siku ya kuchuma, usingoje mwisho wa msimu. Na msimu ukiisha, ng'oa mashina yote wiki ile ile ya mchumo wa mwisho. Najua mtu anabakiza mashina akitumaini matunda mawili matatu ya mboga ya nyumbani. Mboga hiyo ni ghali sana.

Baada ya kung'oa, lima ardhi igeuke na pupa wapigwe na jua, kisha panda kitu ambacho yeye hakipendi: mahindi, vitunguu, kabichi. Viazi mviringo haviingii kwenye orodha hiyo. Hapa ndipo sisi wa nyanda za juu tunapokosea, kwa sababu kwetu viazi na nyanya vinafuatana kwenye shamba moja kama ndugu, na kweli ni ndugu, ndiyo maana kantangaze anakula vyote. Biringanya, nyanya chungu na mnavu pia ni wa ukoo huo. Mnavu ulioota wenyewe kando ya mfereji ng'oa.

Tuje kwenye kitalu cha miche. Nimesimamisha fito, nimefunika kwa wavu wa kuzuia wadudu wenye matundu madogo sana, na pembeni chini nimefukia wavu kwenye udongo ili kusiwe na upenyo. Ukiingia, funga nyuma yako. Ukinunua miche, geuza majani uone upande wa chini, maana yai ni dogo, la rangi ya maziwa yaliyochacha, na macho ya haraka hayalioni. Kitu kingine: matenga yanayorudi kutoka sokoni. Pupa hujibanza kwenye mianya ya mbao. Yasugue na kuyaanika juani kabla hayajaingia shambani.

Mtego. Hapa nina beseni, maji, matone machache ya sabuni ya maji, na kidonge hiki cha mpira chenye harufu ya jike. Kishike kwa glovu safi au kwa kifungashio chake, usikiguse kwa mkono mtupu. Kining'inize kwa waya katikati ya beseni, juu kidogo ya maji, kisizame. Dume anafuata harufu akidhani kuna mke, anaanguka, na sabuni inamzamisha. Beseni nimeliweka chini karibu na mashina. Badilisha maji kila wiki, na kidonge kila baada ya wiki nne hadi sita. Vingine vitunze kwenye friji vikiwa vimefungwa.

Mitego miwili kwa ekari inatosha kukupa habari tu: ameingia au hajaingia. Iweke kabla ya kuhamisha miche. Ukitaka kupunguza idadi yao, unahitaji kama 16 hadi 20 kwa ekari. Lakini mtego huu unanasa madume peke yake, na majike yanaendelea kutaga, kwa hiyo usikae ukahesabu nondo kwenye beseni ukadhani umemaliza. Mara mbili kwa wiki tembea shambani kwa mstari wa pindapinda, kagua mashina 20, hasa majani machanga ya juu. Ukiona jani lenye baka, chuma, tia mfukoni. Mwanzoni mikono inatosha kabisa.

Sasa ndiyo tufike kwenye bomba. Chukueni chupa mbili hizi. Nimeziba majina ya biashara kwa karatasi, kwa sababu nataka msome maandishi madogo. Hii ina abamektini. Hii ina emamektini. Rangi tofauti, bei tofauti, muuzaji anaweza kukuambia ni dawa tofauti. Lakini kwenye kundi la utendaji kazi zote mbili ni namba 6, zinamuua mdudu kwa njia moja. Ukitoka hii ukaenda hii, hujabadilisha kitu. Klorantraniliproli ni kundi 28, indoksakabu ni 22, spinosadi ni 5. Huko ndiko kubadilisha. Tumia kundi moja kwa muda wa kizazi kimoja cha mdudu, mwezi hivi, kizazi kinachofuata hamia kundi jingine. Huyu mdudu ameshazoea dawa nyingi katika nchi mbalimbali, na alizizoea kwa sababu watu walipiga moja tu mpaka ikachoka.

Hakikisha dawa imesajiliwa nchini, na vipimo vifuate lebo. Vaa buti, glovu, miwani na barakoa. Piga jioni: nondo ndipo wanaporuka, viwavi hutoka kuhama majani, na nyuki wamesharudi. Pua ya bomba igeuze juu ili upande wa chini wa jani ulowe. Kisha hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuchuma hata nyanya moja. Anayekula nyanya hizi ni mtoto wa mtu, na wangu pia wanakula.

Kama shamba lako liko kwenye vinyungu, bondeni, umepakana na watu wanne watano, kaeni mpange wiki moja ya kung'oa mashina kwa pamoja. Sisi tulianza watatu. Jirani aliyebaki alijiunga alipoona beseni zetu zimejaa upande wa kwake.

Nimalizie na mfuko huu, nimeufunga wiki tatu zilizopita. Naufungua. Harufu ni kali, samahanini. Nyanya zimekuwa uji. Mdogo wangu, leta kamera huku kwenye ukuta wa plastiki. Mnawaona hawa wadogo wa kijivu waliogandia hapa? Ni nondo. Walitoka kwenye pupa humu ndani wakakosa mlango. Sasa nachukua jembe, uji huu naufukia.