Kabla Hujabonyeza "Sasisha": Jinsi ya Kubadilisha Softiwea ya King'amuzi Bila Kukiua

Habari yako mtazamaji. Hebu tazama hapa mezani. King'amuzi hiki kina umeme, taa inawaka, lakini kioo kidogo cha mbele kimeandika "boot" na hapo ndipo kilipogota. Ukibonyeza rimoti, kimya. Ukichomoa waya wa umeme na kuurudisha, ni "boot" ileile. Hakikupigwa na radi wala hakikumwagikiwa maji. Nilikiua mwenyewe kwa kukipakia softiwea mpya, siku ambayo kilikuwa hakina tatizo lolote. Niliona tu toleo jipya limetoka, mikono ikaniwasha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuweka rimoti chini na kujiuliza: king'amuzi changu kina kasoro gani ambayo toleo hili linasema limeitibu? Soma maelezo yake. Yakisema sauti ilikuwa inatangulia picha na sasa imerekebishwa, na wewe unasumbuliwa na hilo, haya, tuendelee. Yakisema tu "tumeboresha utendaji", hayajakuambia kitu. Pia mtoa huduma wa chaneli za kulipia akibadilisha mfumo wa kuzifunga, hapo huna hiari, utasasisha. Nje ya hapo, subiri wiki mbili tatu wengine watangulie. Watengenezaji wengi hutumia msingi mmoja wa softiwea kwa ving'amuzi vya aina nyingi, hivyo mkono uliorekebisha rekodi kwenye modeli moja unaweza kuharibu saa kwenye nyingine. Huwezi kujua kabla watu hawajaijaribu majumbani.

Hatua ya pili, fungua menyu, nenda kwenye habari za kifaa, upige picha kwa simu. Usiandike kwa mkono, utakosea. Angalia picha yangu hii: kuna jina la modeli, toleo la softiwea, tarehe yake, na huu mstari wa chini ambao watu wengi wanauruka, toleo la hadwea. Huo ndio ulioniponza. Jina la nje ya boksi ni lilelile, rangi ileile, lakini ndani kiwanda kilishabadilisha ubao na chipu. Faili la ubao wa zamani ukilipeleka kwenye ubao mpya, king'amuzi kilichoundwa vizuri kitalikataa. Changu hakikukataa. Kilihesabu mpaka asilimia mia, kikajizima, kikawaka na hilo neno unaloliona.

Ukiwa bado na simu mkononi, piga picha mipangilio ya dishi yote, satelaiti moja moja: aina ya LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), namba zake za masafa, poti ya swichi ya DiSEqC (ile inayochagua LNB kama unazo zaidi ya moja), na 22 kHz kama imewashwa au imezimwa. Kama king'amuzi kinaruhusu kuhifadhi orodha ya chaneli kwenye flashi, ihifadhi. Hili ni la dakika tano. Ukiliruka, utakaa jioni nzima ukibahatisha.

Hatua ya tatu, faili. Lichukue kwa mtengenezaji wa kifaa chako, si kwa mtu aliyelituma kwenye kundi la simu. Likiwa limefungwa kwa zip, lifungue kwanza. Kama mtengenezaji ametoa namba ya uhakiki, ya MD5 au SHA-256, ilinganishe na ya faili ulilopakua. Herufi moja ikitofautiana, lifute ulipakue upya. Flashi iwe ndogo, iwe imefomatiwa kwa FAT32, maana ving'amuzi vingi havisomi NTFS wala exFAT, na ndani yake uweke faili hilo moja tu. Usilibadilishe jina, isipokuwa maelekezo yamekuambia hivyo.

Kama sasisho linakuja kwa njia ya satelaiti yenyewe, flashi huihitaji. Data hutumwa vipande vipande na kurudiwa tena na tena kama gurudumu linalozunguka. King'amuzi kikikosa kipande, husubiri kipite tena. Ndiyo maana siku ya mvua kubwa inaweza kuchukua muda mrefu ajabu. Kuchelewa huko hakuna ubaya, kiache kisubiri.

Hatua ya nne ni kuandika softiwea, na hapa utulie. King'amuzi hufuta kwanza sehemu ya kumbukumbu yake ndipo kiandike upya. Umeme ukikatika katikati, ya zamani imeshaondoka na mpya haijakamilika. Kuna kipande kidogo kinachoitwa butiloda, kinachoamka kabla ya kila kitu. Kikiwa salama, mara nyingi unaweza kupakia tena kwa flashi, au kwa waya wa RS232 kutoka kwenye kompyuta kama kifaa kina tundu hilo. Nacho kikiharibika, unahitaji fundi wa kufungua kifaa na kuiandika chipu moja kwa moja. Kwa hiyo umeme usiwe wa kucheza cheza, na kama una UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, hii ndiyo kazi yake. Asilimia ikisimama kwenye 43 kwa dakika kadhaa, usishike waya. Nenda kanywe maji.

Kimemaliza, kimewaka chenyewe. Sasa chomoa flashi, urudishe mipangilio ya kiwandani hata kama hukuambiwa. Softiwea mpya inaweza kusoma mipangilio iliyoachwa na ya zamani ikaielewa vingine, na makosa mengi ya ajabu baada ya sasisho chanzo chake ni hicho. Kisha fungua picha zako na uingize kila kitu upya.

Hatua ya tano ndiyo nataka ukae nayo, kwa sababu watu hufungua chaneli moja, wakiona picha wanasema kimepona. Chaneli moja haikuambii kitu. LNB ya masafa ya Ku ya aina ya universal hugawa mawimbi mafungu manne, na king'amuzi huchagua fungu kwa umeme. Kikituma volti 13, LNB inasikia mawimbi ya wima, volti 18 ya mlalo. Kikiongeza mlio wa 22 kHz, inahamia masafa ya juu, yale yanayoanzia 11700 MHz. Kwa hiyo chagua chaneli nne: ya wima masafa ya chini, ya mlalo masafa ya chini, na hivyo hivyo kwa masafa ya juu. Zikifunguka zote, upande wa dishi umekaa sawa.

Sasa tazama hapa, nimezima 22 kHz makusudi. Chaneli ya 12500 MHz: king'amuzi kinaondoa 10600, ile namba ya LNB ya masafa ya juu, kinakwenda kuitafuta kwenye 1900. Lakini LNB haijasikia mlio, bado inafanya hesabu yake kwa 9750, namba ya masafa ya chini. Kwenye hiyo 1900 inaleta mawimbi ya 11650, mtu mwingine kabisa. Umeona? Nguvu ya mawimbi ipo, ubora ni sifuri. Mtu hapo hupanda juu kuzungusha dishi, na dishi halina kosa. Chaneli zikipotea nusu nusu kwa mpangilio, zote za mlalo au zote za juu, usiguse boliti. Rudi kwenye menyu.

Sauti ijaribu kwenye chaneli inayotumia AC3, yaani sauti ya Dolby. Ikiwa picha ipo na sauti haipo, badilisha kwanza mpangilio wa sauti ya HDMI kabla hujalaumu toleo. Halafu saa. Satelaiti hutuma saa ya UTC, nawe ndiye unayekiambia king'amuzi kijumlishe au kitoe ngapi. Ukisahau, ratiba ya vipindi yote inasogea na rekodi ulizopanga zinaanza wakati usio wake. Tarehe inayotumwa pamoja na saa hiyo, kwa taarifa yako, huhesabiwa kwa biti 16, na hesabu itajaa tarehe 22 Aprili 2038. Tukijaaliwa, tutatengeneza video nyingine.

Mwisho kiache kiwake siku mbili bila kukizima. Softiwea ambayo haiachii kumbukumbu iliyotumia huanza vizuri, kisha menyu inakuwa nzito, rimoti inajibu kwa kuchelewa, na kesho yake kinaganda. Kama ukikiwasha upya kinapona, na baada ya siku mbili kinaugua tena, kasoro ni ya softiwea. Kama kinasumbua jua likiwa kali au mvua ikinyesha, angalia joto, waya na dishi.

Ukithibitisha ni kasoro, jaribu kurudi kwenye toleo la awali. Baadhi ya ving'amuzi vinazuia, na hilo nalo ulipaswa kulijua kabla ya hatua ya nne. Halafu mwandikie mtengenezaji. Usiandike "kifaa chenu kibovu". Mimi naandika hivi, nakusomea: "Modeli hii, hadwea hii, softiwea hii. Nikipanga rekodi saa nne usiku kisha nikazima kwa rimoti, hakiwaki. Nimejaribu mara tano, mara tano kimekataa. Kwa toleo lililopita kilikuwa kinawaka." Ukiwa na picha ya ule ukurasa wa habari za kifaa, iambatanishe.

Mimi narudi kwenye marehemu wangu. Nimeshapata waya wa RS232, nauchomeka hapa nyuma, kasi 115200, nakiwasha... hebu subiri. Kuna herufi zinatoka.