Huyo Plagini ni Nani?

Marahaba, marahaba. Kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, feni iko huku.

Nimepewa karatasi ya maswali yenu. Yako kumi na manne, na kumi na moja kati yake ni swali lilelile limebadilisha nguo: "Plagini yangu imekataa, nifanyeje?" Plagini, kwa aliyeingia leo, ni programu ndogo ya ala au ya sauti inayofanya kazi ndani ya programu kubwa ya kutengenezea muziki. Nitajibu, lakini si kwa mpangilio wenu. Walionisikia mwaka jana wanajua naanzia wapi. Mnaocheka huko pembeni nawaona. Naanza na yule mama wa Unguja, na nitaendelea kuanza naye mpaka siku nitakayoingia studio zenu nikute mmenielewa.

Mwaka 2013 alinijia mama mmoja, mwimbaji wa taarabu. Si hii ya kurushana roho, ile ya fidla, udi na ganuni. Bendi hana, ana sauti na ana shairi. Mpiga udi tulimpata. Mpiga ganuni alitaja bei ambayo ilikuwa zaidi ya bajeti yote ya wimbo. Nikamwambia mama asijali, ganuni ninayo ndani ya kompyuta. Na kweli nilikuwa nayo, plagini niliyopewa na rafiki kwenye flashi. Msiniulize rafiki aliitoa wapi.

Wimbo ulikuwa kwenye sika, moja ya maqamu, ile mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu. Wanaoijua taarabu wanajua kazi ilipo: ile E si E ya piano, wala si E flati. Iko katikati, robo toni chini. Piano haina kibonye hicho. Lakini ile plagini ilikuwa na ukurasa wa kupanga sauti, noti moja moja. Nikaishusha E kwa senti 50, si za pesa, za sauti, ndiyo robo toni yenyewe, nikaishusha na B. Mama akasikiliza amefumba macho, akasema, "Hapo hapo. Usiguse tena." Sikugusa. Nikachanganya, nikampa CD, akapanda boti.

Mwaka 2019 karudi. Binti yake anaolewa, anataka biti ileile kwa shairi jipya. Nikamwambia, mama, hiyo ni kazi ya dakika tano, faili nimelitunza. Nilisema kwa mbwembwe kabisa, maana maprodyuza wengi hata faili hawatunzi. Nikafungua. Dumbaki ipo. Besi ipo. Udi upo, kwa sababu ule nilimrekodi mtu kwa maiki. Ganuni kimya. Skrini inasema plagini haikupatikana. Nikamgeukia, nikamwambia, "Mama, plagini haipatikani."

Akaniangalia. "Huyo Plagini ni nani?"

Nikaanza kueleza. Akanikatiza: "Mpigie simu, mwanangu. Nauli nitamlipa mimi."

Chekeni. Hata mimi siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tatu, saa nane usiku, nikagundua kwamba mama ndiye aliyeelewa na mimi ndiye sikuelewa. Plagini ya ala ni mpigaji wa kukodi. Faili lako la mradi ni karatasi ya noti anayowekewa mbele yake. Ndani ya lile faili hakuna sauti ya ganuni hata chembe! Kuna maagizo ya MIDI: piga noti namba 64, kwa nguvu hii, shikilia, achia. MIDI ni mfumo wa mwaka 1983, una noti 128, kuanzia 0 mpaka 127, na hakuna namba 63 na nusu. Kwa hiyo E ya mama haikuwa kwenye noti. Ilikuwa kwenye mipangilio ya plagini, kichwani mwa mpigaji. Faili lilikuwa limeitunza mipangilio hiyo, ndiyo, lakini kwa maandishi anayoyasoma mpigaji huyo peke yake. Kaondoka, kaondoka nayo. Nikaweka ganuni nyingine, mpya, nzuri, juu ya noti zilezile. Ikapiga safi kama kengele ya shule ya chekechea. Mama akauliza, "Na huu ni wimbo wa nani?"

Alikwenda wapi yule mpigaji? Alikuwa wa biti 32. Hii biti siyo ile mnayouza, ni namna programu inavyozungumza na kompyuta. Katikati ya 2013 na 2019 dunia ilihamia 64. Chukueni programu za kutengenezea muziki: Cubase waliacha plagini za 32 kwenye toleo la 9, mwaka 2016. Ableton Live wakaacha kwenye toleo la 10, mwaka 2018. Apple wakafunga mlango kwa programu zote za biti 32 mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakaanza kubadilisha hata chipu zenyewe. Steinberg, wenye Cubase, hao hao waliotuletea VST, mfumo wa kutengenezea plagini, mwaka 1996, waliacha kutoa leseni ya VST2 kwa watengenezaji wapya mwaka 2018, wanataka watu wote wahamie VST3. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza kama nina wimbo wa mama wa Unguja.

Mwisho wake? Nilimkodi mpiga ganuni. Yule yule. Bei ilikuwa imepanda, na nililipa mimi.

Sasa nasema, na nitasema tena: kazi ikikubalika, kabla mteja hajatoka mlangoni, kila ala ya plagini itolewe kuwa WAV, faili la sauti yenyewe. Kila laini peke yake, zote zianzie pau ya kwanza hata kama ala inaingia dakika ya tatu, na kasi ya wimbo iandikwe kwenye jina la faili. Programu zenu karibu zote zina amri ya kugandisha laini au kuigeuza sauti. Itafuteni leo, msiniulize iko wapi, kila mtu ana programu yake.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mzee, diski itajaa." Tupige hesabu. Stereo, 48 kHz, biti 24, ni kama MB 17 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne, MB 69. Laini ishirini, GB moja na nusu haifiki. Una magoli ya mechi za mwaka juzi kwenye hiyo diski yanakula zaidi ya hapo.

Mwingine anasema, "Je, nikitaka kubadilisha melodi baadaye?" Nani kakwambia ufute MIDI? Tunza vyote. Na prizeti, ile mipangilio ya plagini, ihifadhi kwa jina.

Na wewe unayesema umenunua plagini zako kihalali, hongera, kaa mbele. Lakini leseni nayo inataka akaunti, inataka kuthibitishwa upya ukibadilisha kompyuta, na kampuni nazo hufungwa. Hao wa kraki, plagini zilizovunjwa kufuli, sitawahubiria, umri wangu unanisuta. Nitawaambia kitu kimoja tu: plagini iliyokuwepo jana na leo haipo, mara nyingi antivirusi imepita usiku ikabeba faili lake. Huo si uchawi.

Dada ananionyesha saa. Dakika kumi? Nane. Haya, maswali yenu.

Sauti inakwaruza kama mafuta ya kukaangia. Swali hili limeandikwa mara nne. Bafa yako, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inaiandaa kabla ya kuitoa, ni ndogo, kompyuta haiwahi kupika kabla mteja hajadai. Ipandishe. Lakini ukipanda sana kibodi inachelewa. Bafa ya sampuli 1024 kwenye 44.1 kHz ni milisekunde 23, na hapo nahesabu njia ya kutoka tu. Kwa wimbo wa taratibu utavumilia. Kwa singeli ya mapigo 240 kwa dakika, noti za robo-pigo zinapishana kwa milisekunde 62 na nusu, kwa hiyo tayari umechelewa zaidi ya theluthi ya noti, halafu unasema msanii hana taimingi! Wakati wa kupiga shuka 128, karibu milisekunde 3. Wakati wa kuchanganya panda utakavyo. Na wa Windows tumieni dereva wa ASIO, programu inayopunguza huo ucheleweshaji kati ya kompyuta na kadi ya sauti. Kama huna kadi ya sauti ya nje, ASIO4ALL ni ya bure.

Plagini imefunguka lakini kimya. Usiifute uanze kuisakinisha upya, hiyo ni tabia ya kuchoma nyumba kwa sababu ya panya. Fuata njia ya sauti. Ukibonyeza kibodi, taa ya MIDI inawaka? Mita ya plagini yenyewe inapanda? Mita ya laini kwenye mixa je? Mita ya mwisho? Inapokufa mita, tatizo liko kati ya hapo na ile iliyotangulia. Kwenye Kontakt, plagini inayopiga ala zilizorekodiwa, mara nyingi ni sampuli, yaani hizo rekodi, zimehamishwa folda. Na ile Kontakt Player ya bure ikinyamaza baada ya muda, ujue maktaba uliyoifungua inataka Kontakt kamili. Haijaharibika.

Plagini haionekani kwenye orodha. VST3 kwenye Windows zina makazi maalumu, C:\Program Files\Common Files\VST3, usiziweke kwenye Downloads. VST2 iko popote ulipoiweka, kwa hiyo uioneshe programu hiyo folda. Na wewe wa Logic, programu ya muziki ya Apple, uliyehangaika wiki nzima na VST, pole. Logic haisomi VST, inataka Audio Units, mfumo wa plagini wa Apple wenyewe.

La kuhusu robo toni nililitaka sana. Surge XT, plagini ya sinthi, ni ya bure, inapokea mafaili ya Scala, yale yanayobeba mpangilio wa noti, unapanga sika, unapanga rasti... dada, naona, naona. Basi hilo tuliache.

Lakini sitoki hivi hivi. Nani ana laptop yenye mradi wa miaka mitano iliyopita? Kijana wa shati jekundu, njoo. Chomeka hapo kwenye projekta. Usiuchague mradi, fungua wa kwanza utakaouona. Eeh. Mwacheni, msimwambie kitu. Soma kwa sauti, skrini inasemaje?

Ngapi? Saba?

Haya. Mpeni simu awapigie.