Kutunga upya karimani ya bibi harusi wa Kibunt: uzi, tundu na fundo

Karibu mtazamaji. Hapa mezani tuna karimani ya nyuzi mbili. Ni mkufu wa shanga nyeusi zilizochanganywa na punje za dhahabu, unaovaliwa na wanawake walioolewa huko Tulu Nadu, pwani ya Karnataka, kusini-magharibi mwa India, kuanzia Udupi na Mangalore hadi Kasaragod kaskazini mwa Kerala. Huko ndiko kwao Wabunt, jamii ya wenyeji wa pwani hiyo. Kwa Kikannada kari ni nyeusi, na mani ni ushanga.

Ukoo wa Kibunt hufuata upande wa mama, na zamani hata mali ilirithiwa kwa njia hiyo, utaratibu unaoitwa aliyasantana. Karimani ya bibi ikimfikia mjukuu, dhahabu huwa bado nzima. Kinachochoka ni uzi. Leo tunaukata huo uzi na kutunga upya.

Usishike mkasi kwanza. Piga picha mkufu ukiwa umenyooshwa kando ya rula, mbele na nyuma, kisha uupime kwenye mzani unaosoma hadi gramu 0.01 na uandike uzito. Punje za zamani zilifinyangwa kwa mkono, hazilingani. Fundi wa kwanza aliweka kubwa karibu na kidani cha katikati, yaani pambo linaloning'inia kifuani, na ndogo karibu na shingo, na ukizichanganya mkufu utakaa upande. Kwa hiyo tandika kitambaa kizito juu ya sinia, laza utepe wa gundi upande unaonata ukitazama juu, kata uzi karibu na kifungo, halafu shusha punje moja moja kwenye utepe kwa mpangilio uleule.

Sasa tafuta kilichokata uzi. Vuta pamba iliyosokotwa nyembamba ndani ya tundu la kila punje ya dhahabu. Pamba ikinasa, mdomo wa tundu una ukali, na ukali huo utakata uzi mpya kama ulivyokata wa kwanza. Mpelekee sonara aulainishe. Usitie tupa mwenyewe, kwa sababu punje nyingi zina uwazi ndani na ganda lake ni jembamba, zinabonyea kwa kubanwa tu. Shanga nyeusi zikague kwa lenzi. Yenye ufa au mdomo uliomeguka itoe, hata ikiwa moja tu.

Shanga za kujazia ziwe za kioo. Zile za plastiki zilizopakwa rangi utazigundua ukizisugua kwa pamba yenye spiriti: pamba ikitoka nyeusi, ziache. Jasho la siku ya harusi litafanya vivyo hivyo kwenye shingo na kwenye sari.

Hesabu ya mkufu huu ni hii. Shanga nyeusi ni za milimita 3, punje za dhahabu milimita 4. Kutoka kwenye kifungo: nyeusi 9, dhahabu 1, nyeusi 9, dhahabu 1, hivyo hivyo hadi dhahabu zitimie 9, kisha nyeusi 9 za mwisho zinazogusa kidani. Upande mmoja una nyeusi 90 na dhahabu 9, urefu wake sentimita 30.6. Pande ziko nne kwa sababu nyuzi ni mbili, kwa hiyo unahitaji nyeusi 360 na dhahabu 36. Andaa nyeusi 400. Kuna zitakazokataa sindano, na kuna zitakazokuwa nene kuliko wenzake.

Uzi tunatumia nailoni ya kusuka, unene milimita 0.25. Pamba huoza kwa jasho, na hariri hunywa maji na kulegea. Msipende uzi mnene kwa kudhani ndio imara: tundu la shanga hizi ni kama milimita 0.8, na mwishoni uzi lazima upite mara nne. Nailoni nayo hunyooka, kwa hiyo itundike usiku mzima ikiwa na kitu chepesi chini yake kabla ya kuitumia. Kata vipande viwili vya sentimita 190, kunja kila kimoja katikati, pitisha kwenye nta ya nyuki mara mbili, kisha futa nta iliyozidi. Nta iliyojaa hukusanya vumbi ndani ya shanga.

Anza katikati. Pitisha uzi kwenye pete ya kidani, sawazisha ncha, tunga upande wa kulia na uufunge kwa utepe, ndipo utunge wa kushoto. Uzi wa pili vilevile. Kabla ya kufunga fundo lolote, linganisha pande zote nne kwa rula. Tofauti ya milimita 3 tu inatosha kukipindisha kidani kikiwa kifuani.

Hapa kwenye kifungo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Uzi usiguse pete ya kifungo moja kwa moja. Valisha sehemu hiyo springi nyembamba ya waya wa dhahabu, yenye urefu wa milimita 7, ili msuguano uishie kwenye waya. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 katika kila uzi, kisha upinde mkufu kama unavyokaa shingoni. Ukisimama kama fimbo, umebana mno na uzi utasagika kwenye midomo ya matundu. Uzi ukionekana kati ya shanga, umelegeza mno. Ukiridhika, funga fundo la mizunguko miwili, rudisha ncha ndani ya shanga tatu, funga nusu fundo, pita tatu nyingine, ndipo ukate. Gundi ya haraka usiitie: hukausha uzi, nao hukatika pembeni mwa fundo.

Tundika mkufu kwa muda wa saa 12, kisha pima tena urefu na uzito. Ukiwa umerefuka kwa zaidi ya milimita 3, fungua upya.

Kusafisha ni kabla ya kutunga. Dhahabu tupu yaweza kuoga maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini. Kidani chenye mawe mekundu yaliyofungwa nyuma usikiloweke. Chini ya mawe kuna karatasi ya metali inayong'aa, maji yakiingia hupiga weusi na jiwe linaonekana limekufa. Havala, yaani marijani, pamoja na lulu, visikaribie ukwaju, ndimu wala siki. Asidi inavila.

Neno moja kuhusu mkufu wa sarafu, maana watazamaji wa Mombasa na Unguja watauona wa kwao. Kusini mwa India sarafu ya pauni ya dhahabu huitwa pavan, neno lililotoka kwenye Kiingereza kama pauni yetu. Ina gramu 7.98, karati 22, upana milimita 22.05. Za 1918 zenye herufi ndogo I zilipigwa Bombay, na mwaka huo peke yake. Sonara asichomelee pete juu ya sarafu, aizungushie fremu.

Siku yenyewe, manukato na mafuta ya nywele vitangulie, vikauke, ndipo vito vivaliwe: mkufu mfupi kwanza, mirefu ifuate, asumini nyweleni mwisho. Kiini cha ndoa ya Kibunt ni dhare, mikono ya maharusi inaposhikanishwa na kumiminiwa maji. Pete za mawe yaliyofungwa nyuma zivuliwe kabla ya hapo na kukabidhiwa mtu mmoja anayejulikana, zirudi kidoleni mkono ukishakauka.

Karimani ihifadhiwe imelazwa, si kutundikwa, ndani ya kitambaa laini cha pamba peke yake. Kwenye kisanduku weka karatasi yenye tarehe ya kutunga, uzito, na idadi ya punje za dhahabu: 36.