Moja, mbili, nne: mhadhara kuhusu matofali ya mbao ya kuchezea

Walimu wa chekechea, mafundi seremala, na wazazi mliofika, karibuni. Leo mada ni moja tu, tofali la mbao la kuchezea. Tutakaa karakana zaidi kuliko darasani, kwa sababu mengi yanayomkwamisha mtoto darasani yameanzia kwenye msumeno.

Tazameni kipande hiki. Urefu milimita 140, upana 70, unene 35. Unene mara mbili ni upana, upana mara mbili ni urefu. Ukilaza vipande vinne kimoja juu ya kingine, kimo chao ni sawa na kipande kimoja kilichosimama. Ukisimamisha viwili kwa ubavu, kimoja juu ya mwenzake, unapata kimo kilekile. Mtoto wa miaka minne haambiwi hesabu hiyo. Anaikuta mwenyewe pale paa lake linapokaa sawa.

Uwiano huu tunaupata kwa Caroline Pratt, mwalimu wa Marekani aliyeanzisha shule yake ya michezo Greenwich Village, New York, mwaka 1914. Vipimo vyake vilikuwa inchi 5½ kwa 2¾ kwa 1⅜, na mbao yake ilikuwa mepo (maple), mti wa mbao ngumu. Hakuyachukulia matofali yake hataza, ndiyo maana karakana yoyote inaweza kuyatengeneza bila kumwomba mtu ruhusa. Kabla yake alikuwepo Friedrich Froebel wa Ujerumani, mwanzilishi wa chekechea, aliyeanza kutengeneza vifaa vyake Bad Blankenburg mwaka 1837. Kisanduku chake cha tatu kina mchemraba wa inchi mbili uliogawanywa kuwa michemraba minane ya inchi moja, na cha nne kina vipande vinane bapa vya inchi 2 kwa 1 kwa nusu. Ni vifaa vizuri vya mezani, vya mtoto aliyekaa. Vya Pratt ni vya sakafuni, na mtoto huvijenga akitumia mwili mzima.

Kuna jambo la usalama wazazi walijue. Kipimo kinachotumika kupima hatari ya kukabwa kwa watoto walio chini ya miaka mitatu ni bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7. Kitu kinachoingia chote humo hakifai kwa umri huo. Mchemraba wa inchi moja hauingii, kwa sababu uso wake kona kwa kona ni karibu milimita 36. Tofali la unene wa 35 haliingii pia, hata ulikate hadi mchemraba. Fundi akikushauri upunguze unene uwe 30 ili mbao zitoke nyingi, mkatalie, kwa sababu uwiano unavunjika.

Sasa karakana.

Kosa linaloua seti nyingi ni kupata nusu kwa kukata kipande kizima katikati. Msumeno hula mbao. Ukikata 140 katikati kwa msumeno unaokula milimita 3, unabaki na nusu mbili za 68.5. Ziunganishe: 137. Mtoto anajenga ukuta wa kulia kwa nusu na wa kushoto kwa vipande vizima, na kuta haziishii pamoja. Atadhani yeye ndiye hajui. Kwa hiyo kila saizi ikatwe kutoka mbao ndefu kwa kizuizi chake, yaani kibao kinachofungwa ili ncha ya mbao igote hapo kila mkato: 70, 140, 280, 560. Kizuizi kikishafungwa, kata vipande vyote vya saizi hiyo kabla ya kukigusa tena. Na kiishie kabla ya meno ya msumeno, kwa sababu kipande kifupi kikibanwa kati ya kizuizi na msumeno unaozunguka hurushwa kwa nguvu kumrudia fundi.

Hapo hapo, angalieni unga. Unga wa mbao ukijikusanya kwenye kizuizi, mbao haifiki mwisho, na kipande kinatoka kifupi. Mfereji mdogo chini ya kizuizi, au brashi kila baada ya mikato michache, unatosha.

Kosa la pili ni mbao mbichi. Mbao husinyaa kwa upana na unene. Kwa urefu wa nyuzi karibu haisogei kabisa. Uwiano wetu unataka upana mbili ziwe urefu mmoja, sasa upana unasinyaa na urefu umesimama palepale! Mbao ikipoteza unyevu wa asilimia nne baada ya kukatwa, upana wa 70 unaweza kupungua kama milimita 0.7. Weka viwili kwa ubavu upate 138.6 badala ya 140. Asiye na kipima unyevu apime uzito: chukua kipande kimoja cha sampuli, kipime kila wiki kwenye mizani ileile, na usipige randa mpaka uzito uache kushuka. Mbao zilizokaushiwa pwani zikipelekwa Dodoma zitakauka tena huko, kwa hiyo zikatwe huko huko zinakoenda kutumika, au zipumzishwe kwanza.

Mbao gani? Paini ya shamba la miti la Sao Hill inapatikana na bei yake inavumilika, lakini kona zake hupondeka, na tofali moja lina uzito wa gramu 160 hivi. La mninga lina kama gramu 220, karibu na mepo ya Pratt, na ni mbao tulivu, haijipindi ovyo. Mtiki nao ni mzuri. Sishauri kununua mninga mzima kwa kazi hii. Nendeni kwa watengeneza milango, mabaki yao ya sentimita 15 mpaka 30 ndiyo hasa matofali yetu, na mara nyingi yanaishia jikoni. Vumbi la mninga na la mtiki huwasha pua na ngozi, fundi avae barakoa. Mpingo msahau, ni mzito mno. Tofali moja linapita gramu 400, na mnara hauchelewi kuanguka juu ya vidole vya miguu. Na mbao za kenchi zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, zisiguse chekechea. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki.

Kwa darasa la watoto ishirini wanaopokezana, seti inayofanya kazi ni vipande vizima 96, nusu 48, maradufu 48, vya mara nne 16, na nguzo 24 za 140 kwa 35 kwa 35. Ukijumlisha mikato, bila nguzo, unahitaji karibu mita 40 za mbao iliyopigwa randa. Mbao ya mbili kwa tatu ya futi 12 ina mita 3.66, kwa hiyo kumi na moja zingetosha kama mbao zisingekuwa na vifundo na ncha zilizopasuka. Nunueni kumi na nne. Nguzo msizichane kutoka mbao hiyo hiyo: upana wa 75 ukiondoa mlo wa msumeno unabaki 36 kila upande, na randa haina pa kushika. Chukueni mbili kwa mbili, mbao mbili.

Pembetatu, silinda na matao ni mapambo ya lazima, lakini yaje baadaye. Seti yenye matao mengi na vipande virefu vichache inapendeza kwenye picha tu. Mtoto hukwama kwa kukosa virefu, kwa sababu hivyo ndivyo madaraja na paa.

Kingo: ua makali ya kona zote kwa milimita moja na nusu, si zaidi. Ukizidisha, sehemu ya kukalia inapungua na mnara unayumba. Ukiacha kali, zinachomoka vibanzi. Msasa namba 120 kisha 180, ukiwa umefungwa kwenye kibao bapa. Mashine ya msasa wa mkanda mikononi mwa kijana mwenye haraka huviringisha uso, na tofali linacheza kama kiti kibovu.

Rangi na vanishi nzito siziungi mkono. Vanishi inateleza, na mnara unasimama kwa msuguano. Acheni mbao wazi, au pakeni nta ya nyuki kidogo sana na kuisugua mpaka mkono usinate. Anayetumia mafuta ya kitani aanike matambara yake moja moja nje, kwa sababu yakikunjwa pamoja hujipasha moto mpaka kuwaka.

Darasani nitapita haraka. Harriet Johnson, mwalimu wa Marekani aliyeandika juu ya ujenzi huu mwaka 1933, alionyesha mpangilio ambao mwalimu yeyote anaweza kuuona: kwanza mtoto hubeba tu, kisha hupanga mistari na minara, kisha huweka daraja juu ya nguzo mbili, kisha huzungushia boma, halafu mapambo, na mwishoni jengo lenye jina. Mwalimu asimrukishe. Matofali yakae rafuni, kila saizi mahali pake, na umbo lake lichorwe ubaoni nyuma yake. Yakimiminwa gunia moja, watoto hutumia dakika zote kutafuta.

Siku ya kupokea mzigo, msihesabu tu. Wekeni kioo bapa mezani. Chukueni vipande kumi bila kuchagua. Lazeni vinne, kimoja juu ya kingine, kando ya kimoja kilichosimama, na pitisheni ukucha pale juu vinapokutana. Ukikwama, pimeni kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene: tofauti ya milimita moja kwa vinne ina maana kila tofali limekosea robo milimita, na hapo ndipo mwisho wa kuvumilia. Fanyeni vivyo hivyo na nusu nne zilizopangwa mstari kando ya maradufu moja. Zikiwa fupi, mzigo wa nusu urudi wote, maana zimekatwa kwa kizuizi kimoja na zote zina kosa moja.