Gari Halishuki Topeni, Waya Ndo Unashuka

Asanteni, kaeni, kaeni. Aliyeniletea maji Mungu amuweke. Na hiki kidude hapa mezani naomba msikishike kwanza, tutakifikia.

Nimepewa nusu saa niongelee mabrekdauni ya jeshi, magari ya kuvuta yaliyokwama, yale yanayotengenezwa nchi nyingine halafu jeshi linayajaribu kabla ya kununua. Sasa wale walionisikia mwaka jana watanivumilia maana mi nina wimbo mmoja tu. Majeshi yanapima brekdauni kama watu wanavyopima ng'ombe mnadani. Wanazunguka, wanapapasa nundu, wanaangalia kimo. Injini nguvu za farasi ngapi, kreni inabeba tani ngapi, winchi, ile mashine ya kukunja waya, inavuta tani ngapi. Basi. Mtu wa kuuliza waya una mita ngapi na unatokea upande gani humwoni, na akiwepo anaambiwa we fundi subiri wakubwa wamalize.

Chukua Waingereza mwaka 1940, Vita ya Pili ya Dunia. Walikuwa na gari lao, Scammell Pioneer, linatengenezwa Watford, injini ya Gardner nguvu za farasi 102. Gari la polepole lakini roho ngumu. Shida ni kwamba kiwanda kilikuwa hakiwezi kutoa idadi inayotakiwa, na vifaru vimekuwa vingi na vizito, kwa hiyo tume yao ya manunuzi ikavuka bahari mpaka Chicago kwa watu wa Diamond T. Hiyo T ni ya Tilt, jina la mwenye kampuni, kuna fundi mmoja aliniapia eti ni T ya tope, nikamwacha.

Likatoka Diamond T 980. Injini ya Hercules ya dizeli, lita 14.7, yaani sufuria za shughuli sio za nyumbani. Ekseli tatu, na nyuma kuna bodi fupi ambayo kazi yake ni kujazwa vitu vizito tu ili tairi za nyuma zing'ate ardhi. Spidi mwisho kama kilomita 37 kwa saa. Ukilisoma kwenye karatasi unapiga makofi. Ila sikilizeni hapa, tairi za mbele hazivuti. Hazivuti kabisa, zinakata kona tu. Ukilishusha kwenye mchanga laini na lenyewe linaomba msaada, sasa una wagonjwa wawili na daktari hakuna.

Kwa hiyo hilo gari kazi yake ni kusimama pagumu. Linaloenda kwa mgonjwa ni waya. Mnanielewa? Gari halishuki topeni, waya ndo unashuka. Na waya wa 980 ulikuwa futi 300, kama mita 91, unatokea nyuma. Baadaye likaja 981, gari lile lile, mtu asiyejua hata hatofautishi, ila waya sasa futi 500, mita 152, na unaweza kuupitisha mbele au nyuma. Mi ukiniuliza gari gani la maana kwenye vita ile sitakutajia kifaru, nitakutajia hizo mita 61 zilizoongezeka na lile tundu la mbele.

Kwanini tundu la mbele? Uko kwenye barabara nyembamba, kushoto korongo, kulia ukingo. Umefika, mgonjwa yuko mbele yako. Kama waya unatokea nyuma tu lazima ugeuze gari umpe mgongo, na kama nyuma umefunga trela basi ufungue trela, usukume, upige reversi mara kumi na tano, huku foleni imejaa na kila dereva kashuka kukushauri. Mwenye waya wa mbele anasimama, anatoa ndoano, anavuta.

Na hili sijalisoma. Mi nimelala kwenye mteremko wa Kitonga kule Iringa kwa ajili ya hili. Lori la mbao liliteleza likakaa kwenye miti huko chini, tukapiga simu, ikaja brekdauni nzuri ajabu, mpya, taa za rangi utadhani ukumbi wa harusi, ya kampuni moja sitaitaja. Kreni yake ingeweza kubeba nyumba. Kijana akashuka na ndoano, anashuka, anashuka, waya ukaisha. Mita 50. Lori liko kama mita 70. Yule kijana kasimama katikati ya mteremko kashika ndoano anatuangalia juu, sisi tunamwangalia yeye, hakuna anayesema kitu. Saa kumi jioni hiyo. Waya mwingine ulifika asubuhi.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, mzee si mngeunga mnyororo? Tuliunga! Mnyororo ulikuwepo, ukafika, ila pingili za maungio hazipiti kwenye kapi, lile gurudumu la kupitishia waya, na bila kapi winchi ile peke yake ilikuwa haitoshi. Halafu mwingine atasema basi nunueni ngoma kubwa muweke waya kilomita nzima. Hapana bwana. Winchi inavuta kwa nguvu zake zote pale waya umebaki mzunguko wa chini kabisa kwenye ngoma. Kadiri unavyorundikana juu nguvu inapungua, ndo maana ile tani iliyoandikwa kwenye kibao cha mwenye duka ni tani ya mzunguko wa kwanza. Muulize mwenye duka tani ya mzunguko wa nne uone anavyokohoa.

Haya, hiki kidude. Hili ni kapi. Watu wa Pwani mnalijua, mabaharia wa jahazi wanalo tangu zamani hawajasubiri jeshi. Waya ukitoka kwenye winchi ukazunguka kapi lililofungwa kwa mgonjwa ukarudi kufungwa kwenye gari lako, nguvu inakuwa karibu mara mbili, mwendo unakuwa nusu, na waya wako umekuwa mfupi nusu. Umeona sasa? Mita 91 zinakuwa 45. Tunarudi kule kule kwenye urefu.

Na utalihitaji tu. Hesabu ya wanajeshi wavutaji ni hii: gari likizama mpaka usawa wa tairi, hesabu mvuto sawa na uzito wake. Likizama mpaka madigadi, mara mbili. Likizama mpaka kwenye kebini, mara tatu. Lori la tani 20 linataka mvuto wa tani 60, na mwenye tenda kaleta winchi ya tani 20 anasema inalingana na gari. Inalingana likiwa lamini...

Naoneshwa saa. Mwenyekiti, dakika tano? Tatu. Haya.

Jangwani, Afrika Kaskazini, haraka haraka. Wajerumani mwishoni mwa 1941 walikuwa wanaokota vifaru vyao vilivyoharibika usiku, kesho vinapigana tena. Waingereza nao mwaka uliofuata, tarehe 1 Oktoba 1942, wakaunda kikosi cha mafundi peke yake, REME, wiki tatu tu kabla ya El Alamein. Lakini msiwasifie sana Wajerumani, gari lao kubwa la kuvuta, lile la Famo, lilikuwa la kuvuta tani 18, halafu wakaja na kifaru cha Tiger cha tani 57. Mnajua wenyewe, inabidi yafungwe mawili matatu kwa mpigo. Yaani brekdauni ilijaribiwa kwa kifaru cha jana.

Ya karibuni. Waingereza hao hao walikuwa na Foden ya kuvuta, ya nyumbani kwao, ingawa mgongoni imebeba vifaa vya EKA vya Sweden. Wakaitisha tenda kubwa, Wamarekani wakaleta, Wajerumani wakaleta, mwaka 2005 wakasaini na MAN, ya Wajerumani, malori yanatengenezwa Vienna, na yale ya kuvuta, tairi nane zote zinavuta, yakafungwa vifaa vya Empl wa Austria. Mi sina ugomvi na gari lile, ningepewa ningelala humo. Ila kwenye malori zaidi ya 7,000, yale ya kuvuta hayakufika 300. Ukikwama ujue uko kwenye foleni.

Nilitaka kusema kuhusu askari wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwenye matope ya bonde la Kabaw kule Burma, 1944, mvua ya masika yao sio kama yetu, hiyo naiacha. Na spea naziacha. Na koti. Hapana, koti siliachi. Waya ukikaza, tupia koti au gunia lililolowa juu yake katikati, ukikatika uzito unaushusha chini. Usiuruke, usiupite, na dereva mwenye simu mkononi mfukuzeni eneo la kazi.

Maswali tufanyie nje. Kuna Fuso imekaa vibaya pale getini tangu asubuhi na nimeuona mwembe mnene wa kufungia kapi. Nani ana waya? We wa shati la kijani, nibebee hili kapi, ni zito, shika kwa mikono miwili.