Ruta Ikifa, Nani Anakupigia Simu?

Jamani habari za saa hizi. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmeacha saiti za wateja wenu wa intaneti huko na simu zinaita, msizizime. Kabla sijaongea sana ngoja nifanye kitu kimoja. Hii hapa mezani ni hEX, ruta ndogo ya MikroTik, wengi mnazo kwenye makabati yenu. Nimeisetia Netwatch, kiangalizi kilichomo ndani ya ruta yenyewe, inapingi nje kila sekunde 10, yaani inatuma ujumbe mdogo na kungoja jibu, ikikosa jibu inatuma meseji ya Telegram kwenye simu yangu hii hapa. Sasa nachomoa waya wa intaneti. Haya, tusubiri.

Mnasikia kitu? Kimya. Na skripti, yale maagizo ya kutuma meseji, haina kosa, jana usiku nimeijaribu imetuma vizuri tu. Shida ni kwamba meseji ya kusema intaneti imekatika ilitakiwa ipite kwenye hiyo hiyo intaneti iliyokatika, yaani maiti umemwambia atangaze msiba wake mwenyewe. Msinicheke, mi nimeishi hivyo karibu mwaka mzima najiona nina monita, mlinzi wa mtandao, kumbe kila laini ikifa nilikuwa napata meseji moja tu, ile ya "imerudi", ndo nashtuka aah kumbe ilikuwa imeondoka!

Kwa hiyo anayekuangalizia ruta inabidi akae nje ya ruta. Mi nina seva ndogo ya kukodi iko mbali huko, na kila ruta yangu inaibishia hodi kila dakika moja kwa /tool fetch, amri ya kufungua anwani ya wavuti, haisemi chochote cha maana, inabisha tu, na zikipita dakika 3 bila hodi ile seva ndo inanitumia meseji. Umeona nilivyogeuza? Ukimya ndo alati, ndo onyo lenyewe. Kama hutaki seva basi weka modemu ya USB yenye laini ya simu, RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, ina /tool sms, inatuma SMS ya kawaida hata bila bando, ila laini ya kwenye kabati hiyo utaisahau salio, nakwambia, na ikikaa muda mrefu haitumiki inafungwa, kwa hiyo ijaribu hata mara moja kwa mwezi.

Eh, hiyo si simu yangu? Soma hapo wewe uliye karibu. "hEX ya mezani, haijabisha dakika 3." Basi hiyo ndo meseji tuliyokuwa tunaingoja toka mwanzo, imetoka kwa seva.

Sasa tuje kwenye kupingi nini, maana hapa watu wanapigwa sana. Wote tunapingi 8.8.8.8, sio? Ile anwani ni moja lakini seva zake ziko nyingi duniani na unajibiwa na iliyo karibu na wewe kimtandao, kwa hiyo inaweza kukujibu vizuri kabisa wakati wateja hawafiki Ulaya. Mnaikumbuka tarehe 12 Mei 2024, zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika, Tanzania tukaumia kuliko majirani wengi. Siku ile kwangu intafesi ya fiba, ile porti yake, iko apu yaani iko hai, taa ya kijani inawaka, geitwei, ruta ya kwanza ya mtoa huduma, inajibu kwa milisekunde 2, dashibodi yangu yote kijani kama shamba la mpunga, na simu za wateja hazishikiki. Monita yangu ilikuwa inaangalia mlango tu, barabara haiioni. Toka siku ile napingi ngazi tatu: geitwei, kitu kilichoko Dar, na kitu kilichoko Ulaya kweli. Ikizima ya Ulaya peke yake nakaa na chai yangu naandika tangazo kwa wateja, sina cha kutengeneza. Ikizima geitwei natafuta buti.

Na hapo hapo kuna mtego. Netwatch ya toleo la 7 ukichagua aina ya kupingi inayoitwa icmp, inatuma pingi 10 kwa mkupuo na zikipotea zaidi ya asilimia 85 inasema dauni, yaani imezima, hiyo sawa. Lakini ina kiwango kingine cha wastani wa muda wa jibu, na kimekuja kimewekwa milisekunde 100. Sasa kutoka hapa mpaka London kwa nyaya za baharini kawaida unapita 100, kwa hiyo ukiacha vile ilivyokuja utaambiwa London imekufa asubuhi mchana jioni, na iko hai. Kipandishe hicho kiwango, mi nimeweka 400. Na ile aina ya zamani, simple, inatuma pingi moja tu, ikipotea moja ndo dauni, na kwenye laini ya redio, isiyo na waya, pingi moja kupotea ni jambo la kila siku. Kuna usiku wa mvua redio moja ilikuwa inaruka apu, dauni, apu, dauni, nikaamka asubuhi nina meseji mia na kitu, nikafanya kile mnachokifanya wote, nikanyamazisha grupu la hizo meseji. Wiki iliyofuata mnara mkubwa ukazima kweli na mimi nimelala fofofo.

Ndo maana siku hizi nina swali moja kabla ya kuweka alati: hii ikinifikia saa nane usiku nitaamka nifanye nini? Kama jibu ni "nitajua tu", basi iende kwenye logi, daftari la matukio la ruta, isiguse simu yangu. CPU, ubongo wa ruta, imefika asilimia 90? Logi. Mteja mmoja kazima boksi lake akalale? Hata logi usiijaze.

Inayostahili kukuamsha ni ile inayokuja wakati bado una muda. Kwangu mimi hiyo ni betri. Ruta nyingi za MikroTik zinasoma volti, iko kwenye /system health, unaweka skripti kwenye scheduler, ratiba ya ruta, kila dakika 5, betri ya volti 12 ikishuka kwenye 12.0 nitumie, kwenye 11.5 nitumie tena. Ila ruta ikiwa juu ya mnara inapata umeme kwa waya mrefu wa PoE, ule unaobeba umeme na data pamoja, itasoma chini kuliko betri yenyewe, kwa hiyo pima kwa mita pale chini siku ya kwanza, uandike tofauti. Meseji yangu inakuja hivi: "Mnara wa kwa mama mwenye nyumba ya bluu. Betri 12.0. Umeme umeondoka 20:10. Piga simu kwanza." Napiga, "shikamoo mama, samahani kwa usiku, eti luku ipo?" Na mara nyingi ndo hiyo hiyo, luku imeisha. Nanunua kwa simu, namtumia zile tarakimu 20, anabonyeza, saiti inapona na mimi sijavaa hata viatu. Zamani ningepanda bodaboda usiku na ngazi.

Saa nayo. Boksi nyingi hazina betri ya saa, umeme ukirudi zinaweza kuanza na tarehe ya nyuma, hata mwaka 1970, mpaka zipate NTP, saa ya mtandaoni, kwa hiyo logi yako inaweza kuwa ya kipindi babu yako kijana. Weka NTP na ukanda wa saa wa Africa/Dar_es_Salaam. Na mzoeshe kijana wako wa zamu kwamba mteja akisema ilikatika saa nane usiku, kwenye logi atafute 02, maana kuna mmoja alinitafutia kwenye 08 asubuhi nzima.

Haya, dada pale nyuma. Anauliza ana ruta 40, aweke Netwatch kwenye kila moja? Hapana dada, hapo umeshavuka, nenda Zabbix au LibreNMS, programu za kuangalia mtandao mzima, zinauliza ruta kwa SNMP, lugha ya kuulizia hali ya vifaa, porti 161 UDP. Mambo mawili tu. Lile neno la siri linalokuja, public, libadilishe leo leo na uruhusu IP ya seva yako peke yake. Halafu kaunta za trafiki, zile zinazohesabu data inayopita, hakikisha ni zile za biti 64, za biti 32 kwenye laini ya giga moja iliyojaa zinajaa na kuanza sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi, wewe unauliza kila dakika 5, grafu itakudanganya mchana kweupe na alati ya laini kujaa haitalia kamwe. Na minara yako iambie nani mzazi nani mtoto, mnara wa kati ukizima upate meseji moja ya huo mnara, wale 12 walio nyuma yake wanyamaze.

Nani mwingine?