Udongo Mweusi wa Knoxville

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi Baraka, niko Arusha, na mwenzangu dada Zawadi yuko Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Dada, kabla hata ya salamu, hilo bonge la udongo hapo mezani ni la nini?

ZAWADI: Salama, kaka. Hili nimerudi nalo Jumamosi usiku kutoka Knoxville, kwenye mbio za sprint car, magari madogo yanayoshindana kwenye uwanja wa udongo. Nilikaa safu za chini, karibu na kona ya nne. Gari likapita, tairi la nyuma likarusha tope, likavuka uzio likanipiga begani. Nikalifunga kwenye leso nikaja nalo. Ni jeusi tii, na likikauka linakuwa gumu kama kigae. Nimetaka tuzungumzie udongo huu, maana historia ya uwanja ule wote imo humu.

BARAKA: Tuelekeze kwanza. Wengi wakisikia Knoxville wanafikiria ile ya Tennessee.

ZAWADI: Hii ni nyingine. Ni mji mdogo wa Iowa, watu elfu saba na kitu, kama kilomita 65 kutoka hapa kwangu, kuelekea kusini mashariki. Njia nzima unaona mahindi na soya. Halafu unaingia mjini, na jukwaa la uwanja linakutokea mbele yako. Linaingiza zaidi ya watu 20,000. Wakazi wote wa mji wakikaa, hawajazi hata nusu.

BARAKA: Mji mdogo hivyo ulipataje uwanja mkubwa hivyo?

ZAWADI: Ulianza na farasi. Pale ni viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Marion County. Kila kaunti kule ilikuwa na maonyesho yake: ng'ombe, nguruwe, mahindi bora, na pembeni njia ya mviringo ya kushindanishia farasi. Magari yalipoenea, watu wakayaingiza kwenye njia ileile. Ndiyo maana viwanja vingi vya namna hii Marekani vina urefu wa nusu maili, kama mita 800. Kipimo ni cha farasi, magari yamekirithi tu.

BARAKA: Kumbe! Na mbio za kila wiki zilianza lini?

ZAWADI: Mwaka 1954. Magari yenyewe yalikuwa mikweche ya zamani, vijana wanang'oa milango, wanakata bodi, wanachomelea vyuma, kila mtu na ufundi wake. Halafu 1961 promota wa pale, Marion Robinson, akaamua kuwaita madereva wa majimbo mengine waje washindane. Ndiyo ikazaliwa Knoxville Nationals. Mshindi wa kwanza alikuwa Roy Robbins. Tangu hapo kila Agosti dunia nzima ya mbio hizi inahamia pale. Walikosa mwaka mmoja tu, 2020, kwa sababu ya korona.

BARAKA: Tuambie gari lenyewe. Mimi nimekulia kwenye rali, nalijua gari la rali. Hili likoje?

ZAWADI: Fikiria Probox. Ina uzito wa kama tani moja, na injini ya nguvu za farasi mia na kidogo. Gari hili la mbio, dereva akiwa ndani, lina kama kilo 635, halafu injini inatoa karibu 900.

BARAKA: Mia tisa?

ZAWADI: Mia tisa. Linakunywa methanoli. Juu limebebeshwa bawa pana kama meza ya harusi, linalokandamiza gari chini lisipeperuke. Tairi la nyuma kulia ni kubwa kuliko la kushoto, kwa hiyo gari lenyewe linataka kukata kushoto muda wote. Halina stata, halina klachi, halina giaboksi. Pikapu inakuja nyuma, inalisukuma mpaka liwake.

BARAKA: Kama tulivyokuwa tunasukuma gari la baba asubuhi betri ikilala.

ZAWADI: Ndivyo hasa! Ila hapa yanasukumwa magari ishirini na zaidi, moja baada ya jingine, na kila linapowaka unalisikia kifuani. Halafu bendera ya kijani inashuka, wanaingia kona ya kwanza wakiserereka kiubavu, wote kwa pamoja. Mzunguko mzima, gari likiwa peke yake, unaisha chini ya sekunde 15.

BARAKA: Haya, rudi kwenye udongo. Mimi nilidhani tope ni tope.

ZAWADI: Hapana, kaka, pale ndipo penye kazi, na hawa watu ndio nawaheshimu kuliko wote. Udongo ukikauka mno, hakuna anayeona kitu kwa vumbi, na matairi hayashiki. Ukilowa mno, magari hayaendi. Kwa hiyo wenye uwanja wanaanza mapema: boza la maji, greda, boza tena. Jioni magari yanazunguka polepole, raundi baada ya raundi, yakiushindilia kwa matairi. Niliwahi mapema makusudi nione. Mzee mmoja alishuka kwenye greda, akachutama, akabonyeza kidole gumba, akatazama alama yake. Kisha akapanda tena na kurudia kona moja tu. Kona moja! Nyingine alikuwa ameridhika nazo.

BARAKA: Kama mama anayeonja chumvi.

ZAWADI: Na usiku unavyokwenda, uwanja unabadilika. Mwanzoni upande wa ndani una unyevu, wote wanang'ang'ania huko. Baadaye pale katikati panakauka, panang'aa kama sakafu iliyopigwa polishi. Udongo uliolegea unasukumwa nje, unajenga tuta chini ya ukuta. Hapo ndipo unapomjua dereva. Mwenye moyo anapanda juu, anaegemeza tairi la kulia kwenye tuta lile, anakanyaga mafuta. Akilivuka kidogo tu, amekwisha.

BARAKA: Nani aliuelewa udongo huo kuliko wote?

ZAWADI: Steve Kinser, ametwaa Nationals mara 12, ya kwanza 1980 na ya mwisho 2005. Anayemfuata ni Donny Schatz, mara 11. Siku hizi kuna Kyle Larson, ambaye 2021 alishinda Nationals na mwaka huohuo akawa bingwa wa NASCAR, yale mashindano makubwa ya magari ya Marekani. Lakini ninayetaka kumtaja leo ni Jason Johnson wa Louisiana.

BARAKA: Tueleze.

ZAWADI: Mwaka 2016 Schatz alikuwa ameshinda Nationals miaka mitano mfululizo, anatafuta wa sita. Johnson akamzuia, akashinda yeye, na gari namba 41. Mizunguko 50 ya fainali, wakapambana mpaka mwishoni. Miaka miwili baadaye, Juni 2018, Johnson alipata ajali kwenye uwanja mwingine, Beaver Dam kule Wisconsin, akafariki. Mkewe, Bobbi, angeweza kufunga gereji na hakuna ambaye angemlaumu. Hakufunga. Akamkabidhi usukani David Gravel, na Agosti 2019 gari la timu ileile, namba ileile 41, likashinda Nationals pale pale Knoxville.

BARAKA: Duh. Ngoja kwanza, dada.

ZAWADI: Mimi kila nikisimulia hapa sauti inanikwama. Mjane na mtoto wake, kwenye uwanja uleule alioshinda baba.

BARAKA: Na uwanja umedumu vipi? Nimesikia viwanja vingi vya namna hii vimekufa.

ZAWADI: Vimekufa, tena vilivyokuwa na jina. Ascot Park ya California, karibu na Los Angeles, ilikuwa ikijaa, lakini mbio za mwisho zilikuwa Novemba 1990. Ardhi ya jiji kubwa ina wanaoitaka wengi. Eldora kule Ohio ilipona kwa sababu mwanzilishi wake, Earl Baltes, alipochoka aliiuza 2004 kwa Tony Stewart, dereva mwenyewe. Knoxville ni ya chama cha maonyesho ya kaunti. Hakuna mzee wa kufa watoto wakagombania urithi. Siku ya mbio utaona watu wa mji wenyewe wanauza chakula, wanaelekeza magari, na nyua za nyumba zinageuzwa maegesho. Makumbusho ya mchezo huu nayo yalifunguliwa pale pale 1992, kando ya kona ya pili.

BARAKA: Nikija Agosti, nilete nini?

ZAWADI: Miwani, vizibo vya masikio, na shati usiloliogopea. Tiketi nitakata mimi, safu ya chini, kona ya nne.